Zamu ya Moto: Habari za Injini na Silinda Zake katika Nchi ya Kahama

Wasikilizaji na wasomaji wetu, mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo kila mtu amelisikia kwa masikio yake, lakini ni wachache waliopata kuelezwa maana yake. Ni habari za silinda za injini ya gari: namna zinavyopangwa, na zamu ya kila moja katika kuwaka. Mafundi huiita zamu hiyo fayaringi oda. Huenda mtu akauliza, "Je, jambo la spana na mafuta lina historia gani?" Twajibu kuwa linayo, na tena historia hiyo imepita katika barabara zetu wenyewe, toka Isaka hata Kahama, na toka Kahama hata Geita.

Mtu asimamaye kando ya barabara pale Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, huona magari ya kila namna: haisi zilizojaa abiria, pikapu zenye magunia ya mpunga, Land Cruiser za kazi, na malori makubwa yaendayo Rwanda na Burundi. Kwa nje yote ni magari tu. Ndani yake kila injini ina hesabu yake, na hesabu hiyo isipofuatwa gari halitakwenda, au litakwenda kwa kutetemeka na kukohoa, likila mafuta bure. Wako watu wadhanio kuwa hesabu hiyo ni siri ya mafundi, ipatikanayo kwa kukaa miaka mingi gereji. Sivyo. Ni jambo liwezalo kusomwa na mtoto wa shule ajuaye kuhesabu mpaka nane. Nasi twataka kuonyesha leo jinsi kila zama ya magari ilivyoleta hesabu yake katika nchi hii, na kwa nini fundi aliyeitia hesabu ya gari la jana katika gari la leo bila kusoma aliharibu kazi.

Kabla ya injini

Zamani mizigo yote ya nchi hii ilikwenda kwa mabega ya watu. Mbung'o waliokuwa porini waliwaua ng'ombe, farasi na punda, hata ikawa shida kuwatumia wanyama katika safari ndefu. Kwa hiyo Wanyamwezi, Wasukuma na Wasumbwa walijulikana mpaka pwani kwa kazi ya upagazi. Mpagazi mmoja alichukua kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na mkeka wake na chungu chake. Pembe ya ndovu iliyokuwa nzito mno kwa mtu mmoja ilifungwa katika mti, ikachukuliwa na watu wawili. Mwaka 1858 Mwingereza John Speke aliondoka Tabora mwezi wa Julai kwenda kaskazini pamoja na wapagazi wake, na mwezi wa Agosti akaliona ziwa kubwa karibu na Mwanza. Safari hiyo, ambayo gari dogo la leo huimaliza kwa siku moja, iliwachukua zaidi ya wiki tatu.

Tumeyataja haya ili tukumbuke injini imekuja mahali pa nani. Imekuja mahali pa bega la mtu. Watu walipoanza kuiamini injini iwabebee chakula, dawa na wagonjwa, ikawapasa kuijua.

Hatua nne

Huko Ulaya wakati huo wenye akili walikuwa wakitafuta namna ya kupata nguvu kwa moto uwakao ndani ya silinda yenyewe, si nje yake kama katika gari la moshi. Mwaka 1862 Mfaransa Beau de Rochas aliandika kanuni ya injini ya hatua nne. Na mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alifaulu kuitengeneza. Hatua hizo ni hizi. Kwanza pistoni hushuka, ikavuta hewa yenye mafuta. Pili hupanda, ikaibana hewa ile. Tatu cheche huwasha, nao mwako huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Nne pistoni hupanda tena, ikautoa moshi. Kisha kazi huanza upya. Kwa hatua hizo nne krenki, yaani chuma kile kilichopindwapindwa ambacho pistoni hukizungusha, huzunguka mara mbili.

Sasa tazama jambo moja. Katika hatua nne ni moja tu iletayo nguvu. Zile tatu huila. Injini ya silinda moja husukuma mara moja, kisha hupumzika, kisha husukuma tena. Gari la Mjerumani Karl Benz, ambalo hati yake ya uvumbuzi ilitolewa mwaka 1886, lilikuwa la namna hiyo, na ililazimu kuwa na gurudumu zito la kuutunza mwendo mpaka mwako wa pili ufike. Dawa yake ilikuwa kuongeza silinda, ili moja ikipumzika nyingine iwe kazini.

Mfano wa jambo hili tunao nyumbani. Akina mama wakitwanga katika kinu kimoja, wawili au watatu, hawashushi michi kwa pamoja. Mmoja huinua, mwingine hushusha, na mlio wake huenda sawasawa kama ngoma. Wakiacha kupokezana, michi hugongana, nafaka humwagika, na kinu hutikisika. Basi silinda ni michi, krenki ndiyo kinu, na zamu ya mwako ni ule mpango wa kupokezana.

Mapema sana zilitokea namna tatu za kupanga silinda. Ya kwanza ni kuzisimamisha katika safu moja, kama watoto wa shule mbele ya mwalimu. Ya pili ni kuzipanga katika safu mbili zilizoinama na kukutana chini, mfano wa herufi V; Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifanya injini ya namna hiyo yenye silinda mbili mwaka 1889. Ya tatu ni kuzilaza pande mbili zikielekeana, kama watu wawili walalao nyayo kwa nyayo. Benz aliifanya kabla ya mwaka 1900. Injini karibu zote za magari tuyaonayo barabarani ni za mojawapo ya namna hizo tatu.

Ford na zamu yake

Katika nchi yetu motokaa iliingia mapema. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari la silinda nne, akakusudia kulivuka bara la Afrika, naye alifika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Lakini safari ile ya karibu miezi ishirini na moja haikuleta usafiri kwa wananchi. Gari lililoleta usafiri lilikuwa la Mmarekani Henry Ford, lile aliloliita Model T, lililotengenezwa toka mwaka 1908 hata 1927, zaidi ya milioni 15. Majeshi ya Waingereza yalilitumia katika nchi hii wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918. Baada ya vita watu wa Afrika Mashariki walilipenda kwa kuwa lilikuwa jepesi, lilikuwa juu ya ardhi, na nyuma yake paliweza kufungwa sanduku la mbao la kuchukulia mizigo na watu. Toka mwaka 1917 Ford alitengeneza pia lori la tani moja lenye injini ileile. Hesabu wenyewe: tani moja ni mizigo ya wapagazi thelathini na zaidi.

Injini ya gari hilo ilikuwa na silinda nne katika safu moja, zikihesabiwa toka mbele kwenda nyuma. Zamu yake ya kuwaka ilikuwa 1-2-4-3. Kila silinda ilikuwa na koili yake, na koili zote nne zilikaa katika kisanduku cha mbao karibu na dereva.

Mwanafunzi atauliza, kwa nini isiwe 1-2-3-4, kama tuhesabuvyo? Hapa ndipo penye ufunguo wa mambo yote. Katika injini ya silinda nne zilizo katika safu, krenki imepindwa hivi kwamba pistoni ya 1 na ya 4 hupanda na kushuka pamoja, na ya 2 na ya 3 hupanda na kushuka pamoja. Krenki ikizunguka mara mbili silinda zote nne zapaswa kuwaka, basi kila nusu ya mzunguko huwaka moja. Silinda ya 1 ikiisha kuwaka na pistoni yake kushuka, zilizo juu sasa ni ya 2 na ya 3. Moja kati yao iwake. Nusu ya mzunguko ikiisha tena, zilizo juu ni ya 1 na ya 4. Ya 1 imekwisha kuwaka, basi ni zamu ya 4. Mwisho huwaka ile iliyobaki kati ya 2 na 3. Kwa hiyo zipo njia mbili tu: 1-2-4-3, kama ilivyokuwa ya Ford, au 1-3-4-2. Njia ya tatu haipo. Zamu ya 1-2-3-4 haiwezekani, kwa kuwa 2 na 3 haziwezi kufuatana.

Iko na alama nyepesi ya kuikumbuka. Chukua tarakimu ya kwanza na ya tatu za zamu hiyo, uzijumlishe: 1 na 4 ni 5. Chukua ya pili na ya nne: 2 na 3 ni 5. Ukiona zamu ya silinda nne za safu isiyoleta tano, ujue mwandishi amekosea.

Silinda sita na silinda nane

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1928 njia ya Tabora mpaka Mwanza ilikamilika, ikipita Isaka na Shinyanga. Hapo magari yakapata kazi mpya, ya kupeleka na kuleta mizigo kati ya stesheni na vijiji. Dhahabu ya Geita, ambayo Wajerumani walikuwa wameiona tangu mwaka 1898, ilichimbwa kwa mashine toka miaka ya 1930 hata 1966, nayo ilitaka malori.

Wakati huohuo injini zilibadilika. Kwa magari ya mwaka 1929 Chevrolet ya Marekani ilileta injini ya silinda sita katika safu moja kwa bei iliyokuwa karibu na ile ya silinda nne. Zamu yake ilikuwa 1-5-3-6-2-4. Katika injini ya sita pistoni hupanda kwa jozi: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Silinda moja huwaka kila theluthi ya mzunguko, ndiyo maana mlio wake ni laini kuliko wa nne. Alama ya kukumbuka hapa ni saba: tarakimu ya kwanza na ya nne, 1 na 6, ya pili na ya tano, 5 na 2, ya tatu na ya sita, 3 na 4.

Mwaka 1932 Ford alijibu kwa injini ya V yenye silinda nane, ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa kwa bei ya watu wa kawaida. Silinda 1 mpaka 4 zilikuwa upande wa kulia, na 5 mpaka 8 upande wa kushoto, na zamu ilikuwa 1-5-4-8-6-3-7-2. Fundi aliyezoea Ford ya silinda nne hakuweza kuibahatisha hesabu hiyo. Ilimpasa aisome kitabuni.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, vijana wengi wa Afrika Mashariki walifundishwa udereva na ufundi jeshini, wakatumia malori ya Ford na ya Chevrolet. Huko mtu alipewa kazi kwa maandishi, akaonyeshwa picha ya injini, akasahihishwa. Waliporudi kwao mwaka 1945 na baadaye, wengi wakawa madereva na mafundi wa kwanza wa miji yetu midogo. Walikuja na elimu; lakini si wote waliokuja na vitabu, na wanafunzi wao walijifunza kwa kutazama mikono tu. Hapo ndipo elimu ilipoanza kugeuka siri. Mwanafunzi wa fundi, huyu aitwaye siku hizi spana boi, alishika taa na kupokea nati, wala hakuambiwa kwa nini waya huu unakwenda hapa na ule pale.

Kuhesabu toka wapi

Baada ya vita yalikuja magari matatu ambayo wazee wetu wanayakumbuka vizuri, na kila moja lilileta somo lake.

Land Rover ya Waingereza ilitoka mwaka 1948, na injini yake ya silinda nne za safu ilikuwa na zamu ya 1-3-4-2. Fundi wa zamani aliyefunga waya kwa zamu ya Ford, 1-2-4-3, alizibadilisha mahali silinda ya 2 na ya 3. Silinda ya 1 na ya 4 ziliwaka sawa, lakini hizo mbili nyingine zilipata cheche wakati ambapo hewa haijabanwa na valvu ya kuingizia inafunguka. Injini iliwaka, lakini ikatetemeka, na moto ukarudi katika kabureta kwa mshindo. Hivyo kosa la waya mbili lilifanana na ugonjwa mkubwa, na mwenye gari aliweza kutozwa gharama ya kufungua injini nzima kumbe dawa ilikuwa kubadilishana waya mbili.

La pili lilikuwa gari la Volkswagen, lile lililoitwa Kombi, lililoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950. Injini yake ilikuwa nyuma, ikapozwa kwa upepo bila maji, na silinda zake nne zilikuwa zimelala, mbili kulia na mbili kushoto. Upande wa kulia zilihesabiwa 1 na 2, upande wa kushoto 3 na 4, na zamu ilikuwa 1-4-3-2. Hapo ile alama yetu ya tano haifai kitu, maana jozi zake ni zile zinazoelekeana: 1 na 3, 2 na 4. Kanuni ya safu ni ya safu, wala si ya injini iliyolala.

La tatu lilikuwa Peugeot 404 ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 1960, na baada yake 504 ya mwaka 1968. Sifa ya 404 ilienea nchi nzima Bert Shankland wa Dar es Salaam aliposhinda nayo mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Pikapu zake zilibeba mizigo na watu. Zamu yake ni ileile ya Land Rover, 1-3-4-2. Lakini Wafaransa hao hawakuhesabu toka mbele; silinda yao ya 1 ilikuwa nyuma, upande wa flaiwili. Sasa fundi aliyepata alama ya silinda ya 1 kitabuni, kisha akaupeleka waya wake kwa silinda ya mbele, alikuta zamu ni sahihi na mwanzo si sahihi. Kila silinda ilipata cheche mzunguko mmoja mzima nje ya wakati wake, na gari halikuwaka kabisa. Fundi aliapa kuwa hesabu yake ni 1-3-4-2, naye alikuwa mkweli. Lakini hakuuliza swali la kwanza, yaani, moja ni ipi?

Zama za dizeli na za migodi

Mjerumani Rudolf Diesel alifaulu kuendesha injini yake mwaka 1897. Hiyo haina cheche. Hewa hubanwa mno hata ikawa na joto kali, kisha nozeli hunyunyiza mafuta nayo yakawaka yenyewe. Wengine hudhani kuwa injini isiyo na waya za plagi haina zamu. Inayo. Pampu ndiyo igawayo mafuta kwa zamu, na kila bomba la chuma laenda kwa silinda yake.

Magari ya Toyota yalipoenea katika nchi yetu, dizeli ilienea pamoja nayo. Haisi ilitoka mara ya kwanza Japani mwaka 1967. Na injini zake za dizeli ambazo mafundi huziita 2L, 3L na 5L zina silinda nne katika safu, zamu 1-3-4-2. Dereva huikalia injini hiyo, maana iko chini ya viti vya mbele. Land Cruiser ni somo jingine. Zile za zamani za petroli, zenye injini iitwayo F, zilikuwa na silinda sita, zamu 1-5-3-6-2-4, kama Chevrolet. Lakini zile za dizeli, yaani 2H na baadaye 1HZ iliyotoka mwaka 1990, zina silinda sita vilevile, katika safu vilevile, na zamu yake ni 1-4-2-6-3-5. Ukijumlisha utapata saba katika zote mbili. Basi alama ya saba yaonyesha kuwa zamu inawezekana. Haionyeshi kuwa ndiyo ya gari hili. Jina la gari ni lilelile, umbo linafanana, na hesabu ni mbalimbali.

Katika miaka hiyo uchimbaji mkubwa ulirudi katika nchi yetu. Geita mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Migodi ilitaka magari ya kuchukua watu, vyakula, vipuri na mafuta, na watu waliokuja kwa ajili ya migodi walitaka usafiri wao. Mgodi wa Buzwagi ulifika mwisho wa kazi zake mwaka 2021. Mgodi ulipokwisha, barabara haikwisha. Haisi bado zapita Mwendakulima, mpunga bado wataka kufika sokoni, na mgonjwa bado ataka kufika hospitali usiku. Kwa hiyo ufundi wa injini ni mali iliyobaki baada ya dhahabu, nayo haihitaji kuchimbuliwa, ila kufundishwa.

Siku hizi kompyuta ndogo ndani ya gari ndiyo iamuruyo mwako, na katika injini nyingi za petroli kila plagi ina koili yake juu yake, kama ilivyokuwa kila silinda ya ile Ford ya mwaka 1908. Wengine husema basi hakuna haja ya kujua zamu tena. Lakini fundi akiunganisha mashine ya kupimia, nayo ikaandika P0303, maana yake ni kwamba silinda ya 3 haiwaki vema, au kama wasemavyo gereji, inamisi. Mashine imetaja namba; haikunyosha kidole. Asiyejua kuhesabu silinda za injini hiyo atabadilisha koili nzima iliyo nzima, na ile mbovu ataiacha. Tena ziko injini za V za silinda sita za Toyota, kama ile ya Alphard, ambazo safu moja ina 1, 3 na 5, na nyingine 2, 4 na 6. Hizo huwaka 1-2-3-4-5-6, kwa kuwa kila namba inayofuata iko upande wa pili. Hapo hesabu ya mtoto mdogo ndiyo iliyo sahihi, na fundi mwenye kiburi cha 1-5-3-6-2-4 ndiye atakayekosea.

Yatupasayo kufanya

Kutokana na habari hizi twaweza kupata mambo manne ya kushika, kwa mwenye gari, kwa dereva, na kwa kijana ajifunzaye kazi.

La kwanza, ijue injini kwa herufi na namba zake zilizopigwa juu ya chuma, si kwa jina la gari lililo nyuma ya mlango. La pili, uliza moja ni ipi, mbele au nyuma, kulia au kushoto, kabla ya kuuliza zamu. La tatu, usizing'oe waya zote au mabomba yote kwa mara moja. Tia alama kila moja, au ondoa moja na kuirudisha kabla ya kuondoa ya pili. La nne, iandike zamu ya gari lako katika daftari, pamoja na picha ndogo ya silinda na namba zake, na daftari hilo likae ndani ya gari. Wahenga wamesema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Gari ni mali, na mara nyingi ni mali ya ukoo mzima waliouza ng'ombe au mazao ili kulinunua.

Kwa mafundi wakubwa tuna neno moja la heshima. Wengi wenu mmeifanya kazi hii kwa shida, na elimu yenu mliipata kwa jasho. Twawaomba msiifiche. Kijana anayeshika taa leo, akielezwa kwa nini silinda ya 4 hufuata ya 3, hatawanyang'anya wateja. Atawapunguzia kazi ya kurudia. Na akiwa peke yake usiku kati ya Kakola na Kahama, na ndani ya gari yumo mama anayepelekwa kujifungua, ataweza kuzirudisha waya mahali pake kwa kusoma, wala hatangoja fundi mpaka alfajiri.

Nanyi wanafunzi, chukueni kalamu jioni hii. Chora silinda nne katika safu, uzipe namba, kisha ujaribu kutafuta zamu ya tatu mbali na zile mbili tulizozitaja, huku ukikumbuka kuwa 1 na 4 hupanda pamoja, na 2 na 3 pamoja. Hutaipata, lakini ukiisha kuitafuta utakuwa umeielewa injini ya haisi ipitayo mbele ya mlango wenu. Kisha jaribu silinda sita. Mwalimu wenu akiulizwa na asijue, msimcheke. Nendeni naye gereji ya karibu, mkaombe kwa adabu kuonyeshwa injini iliyofunguliwa, mkahesabu pamoja.